Udongo Wenye Sumu ya Klorini: Mwongozo kwa Mkazi wa Mabibo

Kiwanja kinaponunuliwa Mabibo, watu huuliza hati, njia ya gari, umeme, na kama maji ya masika hupanda hadi hapo. Ni nadra mtu kuuliza palikuwa na shughuli gani miaka thelathini iliyopita. Palikuwa na ghala la pembejeo? Palikuwa na fundi aliyefungua transfoma? Kifusi kilichofukia shimo kilitoka wapi? Maswali haya matatu yanatosha kukuonyesha kama una sababu ya kuhofia kundi moja la sumu ambalo halionekani, mara nyingi halinuki, na linaweza kukaa ardhini muda mrefu kuliko nyumba utakayoijenga. Ni kemikali ambazo klorini imeshikamana na kaboni.

Mwongozo huu ni wa mwenye nyumba, mpangaji, fundi wa gereji, mkulima wa mchicha wa bondeni na kiongozi wa serikali ya mtaa. Hautakufundisha kusafisha udongo huo kwa mikono yako, kwani kazi hiyo haifanyiki uani kwa usalama. Utakusaidia kuutambua, kuutuliza, kuupima, na kumbana kwa maswali yeyote atakayekuja kukuambia kwamba ana kemikali ya kuusafisha. Tiba ya aina hiyo ipo na imefanya kazi katika nchi kadhaa. Lakini imewahi pia kufanywa vibaya, na palipofanywa vibaya waliobaki na hasara ni majirani.

Zinatoka wapi

Klorini ina ndugu zake, bromini, florini na iodini, na wote kwa pamoja huitwa halojeni. Zikiwa ndani ya chumvi ya mezani hazina neno. Tatizo linaanza kiwandani zinapofungwa kwenye kaboni, kwa sababu kifungo hicho bakteria wengi wa udongoni hawakiwezi, maji hayakifungui, na mafuta ya mwili wa binadamu hukipokea na kukihifadhi.

Katika mitaa yetu zinaingia kwa njia chache zinazojulikana. Ya kwanza ni viuatilifu vya zamani: DDT, lindeni pamoja na ndugu zake wa kundi la HCH, na dawa za mchwa za enzi ile kama aldrini, dieldrini, heptakloro na klorideni, ambazo zilimwagwa kwenye misingi ya nyumba ili zidumu. Na kweli zimedumu. Ya pili ni PCB, mafuta ya transfoma na kapasita za zamani. Marekani ilipiga marufuku kuyatengeneza mwaka 1979, lakini transfoma hukaa kazini miaka mingi, na mafuta yake yakichanganywa na mengine wakati wa ukarabati, sumu husambaa kwenye mitambo iliyokuwa safi. Ya tatu ni vimiminika vya kuondolea grisi na vya madobi wanaosafisha nguo bila maji. Ya nne tunaitengeneza wenyewe: ukichoma nyaya ili upate shaba, plastiki ya juu ina klorini, na moshi na majivu yake huacha dioksini kwenye udongo wa mahali pale pale unapochomea.

Kuna tabia moja ya gereji zetu inayohitaji kusemwa wazi, ya kumwaga oili chafu chini ili kuua vumbi au kuzuia mchwa. Oili ya injini peke yake ni uchafu wa aina nyingine. Hatari huja pale dumu moja linapopokea kila kitu: oili ya injini, mafuta ya transfoma, vioshea grisi. Katika mji wa Times Beach, jimbo la Missouri, Marekani, barabara za vumbi zilimwagiwa oili chafu miaka ya 1970. Oili hiyo ilikuwa imechanganywa na taka za kiwanda zenye dioksini. Mwaka 1983 serikali iliamua kuununua mji wote na kuwahamisha watu wake. Huko Wide Beach, jimbo la New York, kandokando ya Ziwa Erie, barabara zilimwagiwa oili yenye PCB tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa sababu hiyo hiyo ya vumbi. Wide Beach tutairudia, kwa kuwa udongo wake ulitibiwa kwa kemikali.

Vikuge iko karibu kuliko unavyofikiri

Ukitoka Mabibo, ukashika Barabara ya Morogoro kupitia Ubungo na Kimara hadi Kibaha, uko jirani na shamba la Vikuge. Mwaka 1986 shamba hilo lilipokea msaada wa viuatilifu kutoka Ugiriki, tani zipatazo 170, nyingine zikiwa zimeshapita muda wake wa kutumika. Viliwekwa kwenye banda. Banda likaanguka, mifuko ikapasuka, mvua ikafanya kazi yake.

Baadaye mabaki yaliyoonekana kwa macho yaliondolewa. Watafiti, wakiwemo wanakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Uswidi, wakaenda kupima kilichobaki, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2004. Katika udongo wa juu walikuta DDT na mazao yake hadi asilimia 28, na HCH hadi asilimia 6. Maana yake kilo moja ya udongo ule ilikuwa na hadi gramu 280 za kundi la DDT. Walichimba hadi sentimita 50 kwenda chini na bado waliikuta. Waliikuta kwenye maji ya kisima pia. Hitimisho lao lilikuwa kwamba udongo wenyewe sasa ni taka hatarishi.

Nasisitiza Vikuge kwa sababu inavunja dhana iliyozoeleka kwa viongozi na wananchi, kwamba ukishabeba mifuko na madumu umesafisha. Kilichobebwa pale ni kile kilichoonekana tu.

Kabla ya yote, tuliza eneo

Ukiwa na shaka na kipande cha ardhi, kazi ya kwanza ni kuzuia vumbi, matope na midomo. Funika kwa turubai zito, ukandamize kingo kwa mawe au tofali. Kama turubai halitadumu, weka juu yake udongo safi wa kutosha kupanda nyasi. Chimba mfereji mdogo upande wa juu ili maji ya mvua yapite pembeni. Watoto wasicheze hapo. Ndani ya nyumba piga deki kwa tambara bichi badala ya kufagia, na viatu vibaki mlangoni.

Kuku wa kienyeji watolewe hapo kabisa. Kuku hula udongo siku nzima anapodonoa, na kemikali hizi huishia kwenye kiini cha yai. Ndiyo maana mwaka 2005 mazingira ya Vikuge yalipochunguzwa upya, watafiti walichukua mayai. Kwenye bustani, acha maboga na jamii yake. Mimea ya jamii hiyo ina uwezo usio wa kawaida wa kuvuta DDE, zao la DDT, kutoka udongoni na kuipandisha juu. Mihogo, karoti na viazi navyo viepukwe, kwa kuwa huvunwa vikiwa vimevaa udongo wenyewe. Kama unachota maji ya kisima karibu na hapo, tafuta maji mengine ya kunywa mpaka kipimo kitoke; kuchemsha hakuondoi DDT wala PCB.

Sasa yale ambayo hupaswi kufanya, na ambayo watu huyafanya kwa nia njema.

Usichome. Moto wa kawaida wa takataka hauna joto la kutosha, na klorini ikipashwa moto nusunusu pamoja na kaboni hutengeneza dioksini, ambayo ni mbaya kuliko ulichokuwa nacho.

Usichimbe ukatupe bondeni, wala usimuuzie mwenye Fuso kama kifusi. Udongo huo utakwenda kuwa sakafu ya nyumba ya mtu mwingine Kigogo au Mburahati.

Usimwage Jik. Hiyo ni klorini juu ya klorini, na DDT haitaisikia.

Usichanganye na chokaa wala majivu ukidhani unaua sumu. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ushauri wa chokaa huletwa hata na watu wenye elimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilidaiwa Marekani kwamba chokaa isiyozimwa huangamiza PCB, maana udongo uliochanganywa nayo ulipopimwa baadaye, PCB ilikuwa imepungua sana. Wataalamu wa shirika la mazingira la nchi hiyo walirudia jaribio, safari hii wakikusanya pia mvuke na vumbi. Wakagundua kwamba chokaa ilipokutana na maji ikachemka, sehemu kubwa ya PCB iliyotoweka ilikuwa imepanda hewani. Ilitoka ardhini ikaingia kwenye pumzi za watu. Kwa DDT kuna kasoro nyingine: chokaa au majivu huweza kuinyang'anya klorini moja kati ya tano ilizo nazo, kisha kazi inasimama. Kinachobaki ni DDE, yenye klorini nne, sugu kuliko mama yake. HCH nayo ikikutana na chokaa hupoteza klorini tatu kati ya sita na kugeuka triklorobenzini, ambayo bado ni sumu.

Kutokana na hayo unapata swali moja la kumuuliza kila mtu anayedai kusafisha udongo wa namna hii: klorini imeishia wapi? Klorini haiteketei. Ikiwa imeishia kwenye chumvi ya kawaida, sumu imevunjwa. Ikiwa imeishia hewani, au imebaki kwenye kemikali nyingine yenye jina jipya, umeibadilishia makazi tu.

Pima kwanza

Maabara haiwezi kukusaidia kama sampuli imechukuliwa ovyo. Gawa eneo katika vipande vya mraba, kila kimoja kiwe na namba kwenye mchoro. Katika kila kipande chukua udongo sehemu tano, za juu kabisa hadi sentimita 15, uchanganye kwenye bakuli la chuma kisha utoe kiasi cha kujaza chupa moja. Mahali penye shaka zaidi, chimba uchukue tena kwenye sentimita 30 na 50, kila kina na chupa yake. Tumia chupa za kioo zenye mfuniko mpana, na uweke karatasi ya foili chini ya mfuniko. Vyombo vya plastiki hunyonya kemikali hizi na kutoa zake. Mwiko wa kuchotea uoshwe kwa sabuni na kusuuzwa kabla ya kuhamia kipande kingine. Vaa glavu na barakoa, na usile wala kuvuta sigara ukiwa kazini. Andika namba, kina, tarehe na saa kwa wino usiofutika, weka chupa kwenye kasha la barafu gizani, uzipeleke upesi. Chukua pia chupa moja ya udongo kutoka mahali pa mbali usipopatilia shaka, ili pawepo na kitu cha kulinganishia.

Nani apime? Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina maabara hapa hapa Dar es Salaam. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, yenye makao yake Arusha, ndiyo inayosimamia viuatilifu tangu sheria yake ya mwaka 2020. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wanafunzi wake wanalala Mabibo Hosteli, kina idara ya kemia yenye historia ndefu ya kupima sumu hizi. Popote utakapokwenda, omba kwa jina: DDT pamoja na DDE na DDD, HCH za alfa, beta na gama kila moja peke yake, PCB jumla, na majibu yawe kwa miligramu kwa kilo ya udongo mkavu. Omba pia klorini ya chumvi iliyomo kwenye udongo kabla ya tiba. Utaona faida yake mbele.

Kwa mafuta ya transfoma kuna kidokezo cha haraka: mafuta yaliyo PCB tupu huzama majini, kwa kuwa ni mazito kuliko maji. Lakini kuelea si cheti cha usafi. Mkataba wa Stockholm, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2004, unahesabu kuwa na PCB mafuta yenye zaidi ya miligramu 50 kwa kilo, kiasi ambacho hakibadilishi uzito wa mafuta hata kidogo. Mafuta ya namna hiyo yataelea vizuri na bado yatakuumiza. Yasitumike kuchomelea, kukaangia wala kupaka mwilini, na mtu anayekuletea kwa bei ya chini mwambie hapana.

Tiba za kemikali zinafanyaje kazi

Nianze na unga wa chuma, kwa kuwa ndio unaokaribia uwezo wetu. Chuma kinapopata kutu kinatoa elektroni. Kikisagwa laini na kuchanganywa na udongo wenye unyevu, mahali pasipo na hewa, elektroni hizo huchukuliwa na kemikali yenye klorini, na klorini huachia kifungo chake ikatoka kama chumvi. Fundi anayeijua kazi huongeza pia mboji au pumba ili vijidudu vitumie oksijeni iliyobaki, kisha hufunika udongo kwa muda, hurudisha hewa, hufunika tena, mzunguko baada ya mzunguko. Njia hii imefanya kazi kwa DDT na HCH. Hatua ya kwanza hugeuza DDT kuwa DDD, kwa hiyo anayeishia nusu ya safari na kukuonyesha kwamba DDT imeshuka hajakutibia kitu. Kwa PCB, unga wa chuma katika joto la kawaida ni mlegevu. Usikubali kuuziwa kwa kazi hiyo.

Njia ya pili ni ya alkali pamoja na glaikoli. Watengeneza sabuni wanaijua kostiki soda. Hapa anatumika ndugu yake, potasiamu haidroksaidi, akichanganywa na poliethilini glaikoli. Mchanganyiko huo humwagwa kwenye udongo ndani ya mtambo uliofungwa, ukapashwa moto kati ya nyuzi 100 na 180 huku ukikorogwa kwa saa kadhaa. Glaikoli inakaa mahali pa klorini, na klorini inatoka na potasiamu kama chumvi. Hii ndiyo iliyotumika Wide Beach mwaka 1990 na 1991 kwa udongo wa zile barabara zilizomwagiwa oili. Angalia tofauti yake na unga wa chuma: kule unyevu unatakiwa, huku maji yanaharibu kazi, na udongo lazima ukaushwe kwanza. Mkandarasi anayekuja na njia hii wakati wa masika bila banda wala tanuri la kukaushia hajui anachokifanya. Udongo ukitoka mtamboni una alkali kali, nao unapaswa kuoshwa na kutulizwa kabla ya kurudishwa shimoni, la sivyo hautaotesha hata ukoka.

Ipo njia ya tatu, ya joto kubwa zaidi. Udongo huchanganywa na baikaboneti ya soda na kupashwa moto zaidi ya nyuzi 300. Sumu hupanda kama mvuke, ikakamatwa na kugandishwa, kisha ikavunjwa kwenye chombo kingine kwa kostiki soda, mafuta na kichocheo. Ilitumika kwenye kiwanda cha Spolana huko Neratovice, Jamhuri ya Czech, kwa mabaki yenye dioksini. Ni ghali, inakula umeme, na mvuke ukivuja ndio balaa lenyewe. Inafaa taka kali kama za Vikuge kuliko uwanja wa nyumba moja.

Haidrojeni peroksaidi pamoja na chumvi ya chuma, au pasalfeti, huunguza kemikali bila moto. Hizo zinafaa vimiminika vya grisi na vya madobi. Kwa DDT na PCB iliyojishika kwenye udongo mweusi wa bondeni, dawa nyingi inaliwa na mboji kabla haijaifikia sumu. Tena hutoa joto na gesi. Karibu na karo za choo na mabomba, hapana.

Funzo kubwa kwangu liko Mapua, New Zealand. Palikuwa na kiwanda cha viuatilifu kilichofungwa mwaka 1988 na kuacha udongo umejaa DDT na dieldrini. Kati ya 2004 na 2007 udongo ule ulisagwa kwenye mtambo wa mipira ya chuma, nguvu ya kugongana ikivunja vifungo vya klorini. Wazo zuri, kemia ya kweli. Lakini majirani walilalamika juu ya vumbi na harufu, na mwaka 2008 Kamishna wa Bunge wa Mazingira wa nchi hiyo alitoa ripoti iliyokosoa namna kazi ilivyosimamiwa na hewa ilivyopimwa. Kama nchi yenye fedha na maabara zake ilijikwaa hapo, sisi tuliojengeana ukuta kwa ukuta tunatakiwa kudai upimaji wa hewa kabla mtambo haujawashwa.

Hesabu za kumwonyesha mkandarasi

Chukua eneo dogo la mita 10 kwa 10, lililochafuka hadi nusu mita. Hizo ni mita za ujazo 50, karibu tani 75 za udongo. Kwa unga wa chuma, majaribio mengi hutumia kati ya asilimia 1 na 5 ya uzito wa udongo. Kwa hiyo mkandarasi wako anahitaji angalau kilo 750, na pengine zaidi ya tani tatu. Akija na mifuko miwili ya kilo 25 na maelezo marefu, mkataba usisainiwe.

Hesabu ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu inajibu lile swali la klorini. Nusu ya uzito wa DDT ni klorini. Kwa HCH ni karibu robo tatu. Ikiwa kabla ya tiba kilo ya udongo ilikuwa na gramu 10 za DDT, na zote zimevunjwa hadi mwisho, lazima zionekane takriban gramu 5 za klorini ya chumvi zilizoongezeka kwenye udongo, au kwenye maji yaliyotumika kuuosha. Ikiwa DDT imepotea na chumvi haikuongezeka, basi sumu imeruka au imejificha kwenye jina jingine. Ndiyo sababu nilikwambia upime chumvi mapema: udongo wa pwani una chumvi yake ya asili, na bila kujua ilikuwa kiasi gani huwezi kujua iliyoongezeka. Uchafu ukiwa mdogo, wa miligramu chache, hesabu hii haitoshi. Hapo tegemea orodha kamili ya DDT, DDE, DDD na wenzao.

Dai jaribio dogo kwanza. Pipa moja la udongo wako, si wa mahali pengine, litibiwe na kupimwa kabla na baada na maabara ambayo mkandarasi hakuichagua. Udongo wa mfinyanzi wa kando ya Mto Msimbazi na kichanga cha juu yake havitibiki sawa. Dai mpango wa kuzuia vumbi, mavazi ya wafanyakazi, na mahali maji ya kuoshea yatakapokwenda. Uliza pia nini kitafanyika kama kipimo cha mwisho kitashindwa.

Upande wa sheria

Taka hatarishi hazihamishwi wala kutibiwa bila kibali, na mwenye kauli ni Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC. Anza na mwenyekiti wa serikali ya mtaa na afisa mazingira wa Manispaa ya Ubungo, kwa barua, ukibaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Maneno ya mdomo hupotea.

Na usidhani barua ya mkazi haina uzito. Ng'ambo ya bonde, Tabata, wakazi walichoshwa na moshi na uvundo wa dampo la jiji, wakaenda Mahakama Kuu. Katika kesi ya Joseph Kessy na wenzake dhidi ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, ya mwaka 1988, Mahakama iliwapa haki na kulizuia Jiji kuendelea kutupa taka pale. Wakati huo hapakuwa na sheria kama tuliyonayo leo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasema wazi kwamba kila mtu aliye Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inampa nafasi ya kwenda mahakamani kuidai.

Majibu ya maabara yakitoka, yawe mazuri au mabaya, yaweke pamoja na hati ya kiwanja. Mpe nakala mwenyekiti wa mtaa, mweleze jirani anayechimba kisima, na siku ukiuza mwonyeshe mnunuzi kabla hajalipa. Na kama kipimo kimekukuta na sumu huku huna fedha za tiba, acha turubai na nyasi pale pale, endelea kuandika barua, wala usikubali lori lije usiku kuondoa udongo huo.